Kutafuta Hapana ya Tano

Castlerea, Roscommon
3 Mei 1998

Kwako Shangazi Attracta,

Natumaini kifua kimekuachia, na yule jirani wa ghorofa ya juu ameacha kuburuza viti. Huku hatujambo, kwa kiwango cha huku. Nyonga ya Mama inamuuma mvua ikinyesha, yaani kila siku. Baba yuko vilevile: analima kidogo, analalamika sana, na Jumapili anaiendesha ile van kwenda misani kama mtu ambaye Papa amemwekea nafasi ya kuegesha.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu iko ukumbini, na Baba akiona mtu kaishika hukumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kufanya ukumbini.

Sasa jambo lenyewe. Nimefaulu mtihani wa udereva, mara ya kwanza. Mtahini alikuwa mtu mwenye uso wa jibini, akaniambia nimepita kwa sauti ya kutangaza msiba. Na nimepata kazi. Mzee Lavin, yule anayezunguka mashambani kupandikiza ng'ombe mbegu, anastaafu, na ushirika wa maziwa unanitaka mimi. Kwenye kozi nilikuwa mwanamke peke yangu na nikawamaliza wanaume wote, ambao hadi leo wanasema ni kwa sababu mkono wangu ni mwembamba.

Naanza tarehe mosi Septemba kwa sharti moja: niwe na gari langu, na gari liwe na bima kwa jina langu. Nisipokuwa nayo, kazi inakwenda kwa kijana mmoja wa Boyle asiyejua mbele wala nyuma ya ng'ombe, ila baba yake ana gereji.

Gari ninalo. Ni Starlet kuukuu, rangi ya supu ya njegere, lakini inawaka. Bima ndiyo sina. Nimepiga simu kwenye kampuni ya kwanza. Umri? Ishirini. Leseni ina muda gani? Wiki tatu. Kazi? Nikamwambia napandikiza ng'ombe mbegu. Nikamsikia akifunika simu kwa mkono ili nisisikie kicheko cha mwenzake. Kisha akanitajia bei ambayo ingeninunulia Starlet nyingine tatu. Nikamuuliza kama kwa bei hiyo watakuja pia kuniendesha. Akasema hapana, kwa upole, akidhani nauliza kweli.

Nasikia huko Uingereza bima ni nafuu. Je, siwezi kuandikishwa kwa anwani yako ya Coventry? Ningekuwa nakuja Krismasi kuhalalisha.

Mama anakusalimu. Baba angekusalimu kama angejua naandika.

Mwanao,
Dympna


Coventry
19 Mei 1998

Dympna mwanangu,

Barua yako imenikuta salama, kifua kikiwa kimeniachia kikohozi ambacho daktari anasema ni cha umri. Daktari mwenyewe ni wa juzi, bado ananukia penseli. Jirani wa juu ameacha viti. Sasa anajifunza tarumbeta.

Hongera kwa mtihani. Wewe ni wa kwanza katika ukoo huu kuufanya na kuupita. Baba yako atakuambia hajawahi kuanguka mtihani wa udereva, na ni kweli, kwa kuwa hajawahi kuufanya. Mwaka wa sabini na tisa foleni ya watahiniwa ilikuwa ndefu mpaka serikali ikachoka, ikawagawia leseni wote waliokuwa wakisubiri, wanaojua na wasiojua, kama watu wanaogawiwa viazi. Baba yako Ignatius aliitundika yake ukutani kando ya picha ya Moyo Mtakatifu. Nilikuwepo.

Kuhusu anwani yangu, jibu ni hapana. Waingereza si wajinga kiasi hicho. Wana ujinga wao mwingine. Siku utakayogonga hata ndoo watakuja kuuliza gari la Coventry limepata wapi mavi ya ng'ombe wa Roscommon. Kampuni ya bima ni mtu anayekuuzia kiti kwa sharti usikikalie. Usimpe sababu ya bure.

Najua utakachofikiria baada ya hapa, kwa sababu ndicho wanachofanya wote huko nyumbani. Gari ni la mtoto, bima ni ya baba, mtoto anaandikwa chini kama dereva wa pili, na baba hajawahi hata kurekebisha kiti. Ni uongo. Kampuni inajua ni uongo. Inapokea pesa na kungoja siku ya ajali ili ishangae. Na ushirika wako wenyewe umesema jina liwe lako.

Kwa hiyo usimwombe baba yako. Nasema hivyo tu, sielezi. Msalimie mama yako, umwambie nyonga apake mafuta ya moto, yale ya kuchulia farasi, wala asiwasikilize watu.

Shangazi yako,
Attracta


Castlerea
7 Juni 1998

Shangazi mpenzi,

Pole na tarumbeta. Hapa tumekata majani ya kuvundika kwa chakula cha ng'ombe, mvua ikasubiri tumalize kuyalaza ndipo ikaja. Mama amepaka mafuta ya moto. Nyumba nzima inanukia farasi wa mashindano.

Nilimwomba. Usinikemee, barua yako ilichelewa siku mbili, na hata ingewahi ningemwomba. Nilifikiri ushirika labda ungelegeza sharti kama ningekuja na jina la Baba juu na langu chini. Nilingoja amalize chai. Aliniangalia kama nimemwomba ini.

"Bima yangu si baiskeli," akasema, "kila mtu aikalie."

Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaangalia. Mama akaanza kuzungumzia majani ya kuvundika, na mama yangu, kama unavyojua, hajawahi kuyajali majani maisha yake yote. Nimeamua ni dharau tu. Anaona aibu binti yake akipita vijijini kwa kazi ile. Kwenye mnada wa ng'ombe watu wameanza kumwita baba mkwe wa madume.

Basi nikaenda kwa wakala, Tansey, yule mwenye tangi la samaki ofisini. Alisikiliza huku akiwalisha, sijui ni nani kati yetu alikuwa mteja. Lakini alinifundisha kitu. Kumbe kampuni zote zina mapatano: ukikataliwa na tano, kwa maandishi, unapeleka barua zako tano kwa kamati yao Dublin, na kamati inailazimisha ile ya kwanza uliyoiomba ikupe bei ambayo mtu anaweza kuilipa. Nikamuuliza kwa nini hatangazi jambo hilo dirishani. Akasema samaki wale hawalishwi na watu waliokataliwa.

Sasa angalia balaa. Hakuna anayekubali kukataa. Nimepiga simu mpaka Baba amemaliza kazi zote za ukumbini. Kila mmoja ananitajia bei ya kichaa na kuniambia fikiria, mpenzi, kisha utupigie. Bei ya kichaa haihesabiki kuwa hapana. Mmoja nilimsihi. Nilimwambia, kaka, nikatae tu, hutapungukiwa. Akasema sera yao ni kumkaribisha kila mteja.

Umewahi kusikia nchi ambayo mtu anaomba kukataliwa na ananyimwa?

Wako katika kukaribishwa,
Dympna


Coventry
15 Juni 1998

Dympna,

Sina salamu ndefu. Tarumbeta imefika kwenye wimbo wa taifa.

Tatizo lako ni kwamba unawajibu wanachouliza. Watu wa bima wanauliza maswali ambayo majibu yake hayawatishi. Wewe waambie wasichouliza. Niambie, mbegu hizo unazibebea wapi? Lavin alikuwa na mtungi kwenye buti, nakumbuka ulikuwa ukitoa moshi mweupe akiufungua, na bibi yako alikuwa akijipiga ishara ya msalaba. Kuna nini ndani ya mtungi ule? Waambie hicho. Waambie taratibu, kwa sauti ya mtu mwema, na uombe wakujibu kwa barua.

Ukweli huwa unafukuza watu haraka kuliko kitu chochote. Nimeolewa mara mbili, najua.

Kuhusu baba yako, nilikuonya. Hakukukatalia kwa aibu ya ng'ombe. Sisemi zaidi.

Shangazi


Castlerea
20 Julai 1998

Shangazi mpenzi sana,

Mama ananiuliza kwa nini natabasamu nikiona mtu wa posta. Anadhani nimepata mchumba. Mwache.

Mtungini mna nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika. Ni baridi kiasi kwamba ukitumbukiza waridi linavunjika kama biskuti, na ukifungua kifuniko ndani ya gari lililofungwa madirisha, inafukuza hewa yote na wewe unalala usiamke. Mirija ya mbegu inakaa humo salama kuliko mimi. Yote haya ni kweli, tulifundishwa siku ya kwanza. Nilipowaambia wale wa kwanza kwamba nitakuwa nikibeba mtungi huo kila siku katika barabara za mashimo, karani aliniomba nisubiri. Nilisubiri. Alirudi bila lile neno "mpenzi" mdomoni. Barua ilifika baada ya siku chache: wanasikitika.

Ya pili wanasikitika sana. Ya tatu hawakusikitika, wamesema tu kwamba mimi siingii katika wasifu wao. Ya nne nilikwenda mwenyewe Longford, na karani aliniambia hapana huku anakula sandwichi ya mayai, kisha akaniandikia. Alama ya kidole iko kwenye karatasi. Nimezipanga nne zote kabatini, na nikiri, nazisoma. Hawa ni watu waliosoma, wana suti, na hakuna hata mmoja anayejua kuandika barua. Mmoja ameniita Bwana Cuniffe.

Imebaki moja. Septemba iko mlangoni na kamati nayo inataka wiki zake. Ijumaa naenda Roscommon mjini, kwenye ofisi ileile ya bima ya Baba. Hataki nimwombe, sitamwomba. Nitawaambia tu mimi ni binti wa Ignatius Cuniffe, mteja wao wa miaka yote, na kama wakinipa bei nzuri kwa heshima yake, sawa. Wakinikataa, ndiyo hapana yangu ya tano. Kwa vyovyote napata. Nimeona kwamba kwa mara ya kwanza baba yangu atanifaa bila kujua.

Unaonaje?

Mwanao,
Dympna


Coventry
28 Julai 1998

Dympna,

Nilikuwa kwa rafiki yangu Wales, nimerudi leo na kuikuta barua yako imelala chini ya mlango kati ya matangazo ya mazulia. Kama haya yatakufikia kabla, usiende Roscommon. Nenda Sligo. Sligo wana ofisi nyingi na watu baridi, utakataliwa kabla ya chakula cha mchana.

Usiende Roscommon. Nikikwambia kwa nini nitavunja neno nililompa mtu.

Attracta


Castlerea
2 Agosti 1998

Shangazi,

Barua yako ilifika jana. Ijumaa ilishapita, na Ijumaa nyingine juu yake.

Mama hajambo. Hizo ndizo salamu.

Nyuma ya meza kule Roscommon alikuwa Concepta Beirne, wa akina Beirne wa nyumba ya njia panda. Nikajitambulisha kwa jina la Baba, japo ananijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Akaniangalia, akaangalia mlango kama kuna mtu, akainama.

"Dympna, baba yako hayupo kwetu. Aliondolewa mwaka ule wa geti letu."

Geti lao liligongwa nikiwa darasa la tano. Nilidhani ni trekta. Wote tuliambiwa ni trekta.

Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama Baba bado anaendesha. Nikasema siku hizi anatembea. Akasema ni vizuri kwa moyo. Akanipigia chapa hapana yangu, yenye jina langu sahihi, na hakunitazama tena.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye van. Unaijua ile stika ya bima kwenye kioo. Sisi wote tumeizoea, hatuisomi. Nikaisoma. Hakuna cha kusoma. Jua limeikausha ikawa nyeupe kama mkate wa komunyo, na ndipo nikaelewa kwa nini mtu huyu, tangu nikiwa mtoto, anageuza gari mara tatu kila akiegesha ili pua itazame kusini, jua liifute tarehe. Mama alikuwa akisema anapenda utaratibu.

Amenipeleka shule katika gari lile. Amembeba askari polisi mlevi kumrudisha kwake katika gari lile. Na mimi nimefanya masomo, nimefanya mtihani, nimepiga magoti kwa makarani wanaokula sandwichi ili nisiendeshe hata siku moja bila karatasi, na mtu aliyeniambia bima yake si baiskeli hana hata baiskeli.

Na wewe ulijua. Umejua miaka yote, ukaniandikia mafumbo. Nilidhani nyumba hii ina mwoga mmoja.

Barua tano nimezituma Dublin. Hii sijaisaini "mwanao" kwa sababu sijui bado.

Dympna


Coventry
11 Agosti 1998

Dympna,

Haki yako. Sitajitetea kwa marefu.

Ilikuwa wakati wa mazishi ya bibi yako. Ignatius alinipokea uwanja wa ndege wa Knock. Kwenye njia panda alikuwa akiniambia jinsi Waingereza wasivyojua kuendesha, akanitazama ili aone kama nimesikia, na geti la akina Beirne likaingia garini. Hakuumia mtu. Kampuni ikalipa geti, kisha ikamwandikia kwamba haimtaki. Tulikaa kwenye viti vya mbele uani na kioo kikiwa kimepasuka, akanisomea barua hiyo, akaniambia nikimwambia mtu yeyote, hasa mama yako, tusijuane. Nilidhani angepata kampuni nyingine ndani ya mwezi. Nilipokuja tena nikaona amebandika stika ileile. Ndiyo maana baada ya hapo sikurudi. Sikutaka kupanda, na sikutaka kusema kwa nini sipandi.

Sasa sikiliza. Kamati itakupa bei. Fomu itakuja nayo, na najua fomu hizo: wataulizia nyumba yako, nani mwingine anaendesha, na kama ana bima. Ukiandika ukweli, unampeleka ndugu yangu mahakamani, na bei yako inapaa. Ukiandika hakuna, utakuwa umewapa kile wanachongojea, sababu ya kushangaa siku ya ajali.

Mimi nakushauri andika hakuna. Kila mtu huandika hakuna.

Shangazi yako, kama bado,
Attracta


Castlerea
30 Agosti 1998

Shangazi Attracta,

Ni shangazi bado. Mama anasema ukoo haukatiki kwa posta. Nyonga yake imekaa kimya wiki nzima, naye anaikosa, hana cha kuzungumzia.

Fomu ilikuja kama ulivyosema, na bei. Si rahisi, lakini naweza kuilipa kwa mafungu kutoka kwenye mshahara. Ile kampuni ya kwanza, iliyofunika kicheko kwa mkono, ndiyo imelazimishwa. Imenikaribisha kwenye familia yao. Nimeona familia bora machinjioni.

Na swali lile lilikuwepo, ukurasa wa pili. Katika nyumba unayoishi, nani mwingine anaendesha?

Sikufuata ushauri wako. Nilikwenda na fomu zizini, Baba akikamua. Nikamwambia najua habari za Concepta, na za stika, na za trekta ambalo halikuwa trekta. Hakugeuka. Akasema andika hakuna.

Nikamwambia sitaandika hakuna wakati van iko uani na ufunguo uko mfukoni mwake. Nikisaini uongo halafu nikagonga mtu, nimekwisha, kazi imekwisha, na huyo mtu hana wa kumlipa. Niliongea sana, Shangazi. Nilimwita majina ambayo ungeyapenda. Nikamwambia Tansey angemfundisha njia ya hapana tano siku ileile, kama angeuliza.

Hapo ndipo akaacha kukamua. Akasema Tansey alimwambia. Alikwenda Longford, ofisi ya kwanza, siku ya mnada, na nyuma yake foleni walikuwepo watu wote anaowauzia ndama. Kijana wa mezani akamwambia hapana kwa sauti ya juu, akamtaka atoke pembeni apishe wenye shida zinazotatulika. Akatoka. Hakwenda ya pili.

"Alikuwa na chunusi," Baba akasema. "Mtoto mwenye chunusi, Dympna, mbele ya watu."

Miaka tisa. Kwa ajili ya chunusi. Nilitaka kumhurumia, huruma ikakataa kutoka. Nikamwambia mimi nimeambiwa hapana na watano, na mmoja alikuwa anatafuna, na bado nimesimama hapa. Nikamwambia nahitaji neno hakuna liwe kweli, na ana mpaka kesho asubuhi, kwa sababu posta inaondoka saa nne.

Asubuhi ufunguo ulikuwa juu ya meza, kando ya siagi. Van ameisukuma mwenyewe mpaka nyuma ya banda la majani na kuifunika turubai. Nikaandika hakuna, nikasaini, na cheti cha bima kikaja baada ya siku chache.

Jumapili alikwenda misani kwa baiskeli ya Mama, yenye kikapu. Akatangulia kutoka ili tusimpite njiani, tukampita. Padre amemsifu mbele ya waumini kwa kujali afya. Hasemi na mimi. Anasema na mbwa kwa sauti, nikiwa karibu.

Jumanne naanza kazi.

Mwanao,
Dympna


Castlerea
18 Oktoba 1998

Shangazi yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ng'ombe hawana Jumapili. Starlet inanukia mimi, na mimi nanukia unachokijua. Wakulima ni walewale. Mzee mmoja kule Loughglynn alitoka, akaangalia kiti cha abiria, akaangalia kiti cha nyuma, akaniuliza mwanamume yuko wapi. Nikamwambia yuko kwenye buti, ndani ya mtungi, kwenye mirija. Ng'ombe wake ameshika mimba. Hajaomba radhi, lakini ameniita tena.

Wale wa bima walipiga simu kuuliza kama nimeridhika na huduma. Nilimkabidhi Baba simu, kwa kuwa alikuwa ukumbini.

Habari za Baba ndizo ninazotaka kukueleza. Wiki sita hakusema nami. Siku moja mvua ilikuwa kubwa, nikamkuta barabarani akisukuma baiskeli, tairi imetoboka, kiroba cha chakula cha ndama kimelowa kwenye kikapu. Nikasimama. Akapita kama haoni. Nikaenda naye sambamba polepole, dirisha wazi, mpaka akachoka kulowa, akaingia. Alikaa na kiroba mapajani. Aliniambia naendesha karibu mno na ukingo. Nikamwambia ashuke. Hakushuka.

Tulipofika uani hakufungua mlango. Akauliza, akitazama kioo cha mbele, ofisi ya yule mla sandwichi iko mtaa gani.

Nilimpeleka Longford Alhamisi iliyofuata. Nilitaka kuingia naye, akakataa, akavaa tai. Nilimwona kupitia dirishani akiwa kwenye foleni, kofia mkononi, mrefu kuliko wote, na nakuambia ukweli, nilikuwa na hofu zaidi kuliko siku ya mtihani wangu. Alitoka baada ya muda mrefu, uso mwekundu, bahasha mfukoni. Nikauliza kumekuwaje. Akasema walimkataa vizuri sana.

Sasa ana hapana tatu kati ya tano. Ameziweka kabatini juu ya nakala za zangu. Ya Longford imemuudhi kwa sababu ni fupi kuliko niliyopewa mimi, anadhani wamempunja. Lakini ya Sligo iliyofika juzi ina kurasa mbili. Aliisoma mezani kwa sauti, yote, mpaka pale penye "tunasikitika", na Mama alipoinuka kutoa viazi jikoni, akamwomba akae kwanza ili airudie.

Wote tunakusalimu. Safari hii na yeye yumo.

Mwanao,
Dympna